Kubana Bila Kutoboa

Gari la baba halikutobolewa hata tundu moja katika miaka ile yote, na aliyesimamia lisitobolewe ni mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Ujiji wanaolikumbuka gari letu hukumbuka vitu vilivyokuwa juu yake: keria kwenye paa, ngazi nyuma, vipaza sauti viwili mbele, bendera kwenye bampa, vibao milangoni, madumu ya maji yakining'inia ubavuni. Wengi wanadhani lilipelekwa kwa fundi likachomelewa. Halikuchomelewa. Vitu vyote vile vilikuwa vimebanwa tu, na ungeweza kuvitoa asubuhi moja, gari likabaki lilivyokuwa baba alipoliacha.

Lilikuwa mojawapo ya yale magari madogo ya abiria yaliyoitwa vipanya. Baba alilipata likiwa limeshachoka. Akang'oa viti vya nyuma akawa analitumia kubebea dagaa na migebuka kutoka Katonga, na hata ulioshe kwa sabuni namna gani, harufu ya samaki haikutoka. Baba alikuwa mtu wa Burundi. Alivuka kuja Kigoma ujanani, mama akiwa na kaka yangu mgongoni. Mimi nilizaliwa Ujiji. Kiswahili nilikiokota mtaani, Kirundi jikoni, na Kiha kwa majirani, na hakuna hata kimoja nilichowahi kuona ni cha kuazima.

Watoto tuliokua ni wawili tu, kaka na mimi. Kaka alikuwa amerudi Burundi katika ule msimu mfupi watu waliposema kwetu kumetulia, aende akaone kilima cha babu na kuuliza habari za shamba. Alivaa koti la baba. Haukupita muda mrefu vita vikazuka, ziwa likaanza kuleta watu, na kaka hakuwemo.

Baba alifariki katika miezi hiyo hiyo, wala si kwa vita. Alianguka Katonga akipakia matenga ya samaki. Tukamzika Ujiji.

Sasa lazima nieleze mila yetu, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Kwetu kilio humalizika mara mbili. Mara ya kwanza ni siku chache baada ya maziko: watu wanakunywa kidogo, wanatawanyika. Mara ya pili ni kama mwaka baadaye, na hiyo ndiyo huitwa kuganduka. Pombe ya mtama inapikwa, ukoo unakaa, mtoto wa kwanza wa kiume wa marehemu anaonja wa kwanza na kutamka kwamba kilio kimeondoka. Kabla ya hapo walio kilioni hawaendi arusini wala hawaoi wala kuolewa. Vitu vya marehemu haviuzwi, havigawanywi, havikatwi, havitiwi moto. Sijui kama wazee walioiweka mila hiyo walifikiria magari. Mama aliivuta mpaka ikalifunika gari lote, kuanzia taa hadi ekzosi.

Na mimi nilikuwa nimeposwa. Wazazi wa kijana mmoja wa Katubuka, Waha, Wakristo wa kanisa letu, walikuwa wamekuja nyumbani na kreti za soda na bia, baba akawapokea, akacheka nao, akasema tupange. Kazi ya kijana huyo ilikuwa kuchomelea. Alikuwa na kibanda chake Katubuka, akitengeneza mageti na madirisha ya nondo. Nilimpenda, tena nilimpenda vizuri, bila kelele. Baba alipofariki mipango ikasimama, na kila mtu aliona ni sawa isimame. Tulikuwa tunamngoja kaka tu. Kaka afike, aondoe kilio, mimi niolewe. Ilionekana ni jambo la mwaka mmoja.

Gari lilisimama uani kwa muda. Dereva alikuwa mjomba, kaka yake mama, mtu mpole asiyependa biashara ya samaki wala maneno yake. Ndipo akaja afisa wa shirika moja la misaada, kijana wa Dar es Salaam mwenye haraka na adabu kwa pamoja. Walikuwa wanakodi magari ya mjini kuwachukua wakimbizi waliokuwa wakishuka ufukweni, kuwafikisha mahali pa kuandikishwa, halafu kambini. Alilizunguka gari letu, akalipigapiga ubavuni, akaridhika.

"Shikamoo, mama," akasema. "Gari ni zuri. Ila linahitaji keria, ngazi, spika za kutangazia, mahali pa bendera na vibao vya shirika. Mkubali tu, fundi wetu atalitoboa na kulichomelea, kesho linaanza kazi."

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu. "Halitobolewi."

"Ni matundu madogo tu, mama."

"Halitobolewi wala halichomelewi. Gari liko kilioni."

Afisa akanitazama mimi, kama watu wa mjini wanavyomtazama kijana wakidhani atawatafsiria mzee. Nikamwambia baba amefariki. Akatoa pole, akavua kofia, akasema basi wangeweza kungoja mpaka wiki ile iishe. Mama akamwambia kilio chetu hakiendi kwa wiki. Nikaona mkataba unaondoka na kofia yake, nasi hatukuwa na chakula kingine isipokuwa gari lile.

"Nitavifunga mimi," nikasema. "Bila kutoboa."

Sijui niliutoa wapi ule ujasiri. Nilikuwa nimefunga matenga na baba tangu utotoni, basi. Afisa akasema akirudi akute keria haliyumbi, la sivyo atatafuta gari jingine.

Mchumba wangu alipopata habari alikuja jioni ile ile na uzi wa kupimia. Tulilizunguka gari, mama ameketi kwenye kigoda anatuangalia mikono. Mchumba wangu ndiye aliyeona kwamba paa la kipanya lina ukingo pembeni, kama mfereji mwembamba, wa kupitishia maji ya mvua. Chochote cha kupanda paani kingeweza kusimama juu ya mfereji huo, na chini yake kikabanwa kwa kibano cha chuma chenye bolti. Pili, akasema, gari lina matundu yake ya kuzaliwa. Bampa limefungwa kwa bolti: ukiitoa bolti fupi ukatia ndefu, unapata mahali pa kushikiza kitu kingine. Sakafuni kulikuwa na matundu ya viti vilivyong'olewa na baba mwenyewe. Hayo hakuna ambaye angetulaumu kwa kuyatumia. Mama alifikiri kidogo, akakubali kwamba tundu alilotoboa marehemu ni la marehemu.

Mchumba wangu akarudi kibandani kwake akatengeneza keria la mabomba mepesi, lenye miguu sita, kila mguu na kibano chake. Moto ulibaki Katubuka. Zilizokuja Ujiji ni bolti na nati. Mimi nilikata tyubu za baiskeli, zile mnazoona watu wamefungia kuni na magunia, nikazikunja nikaweka vipande kati ya chuma na chuma ili kibano kisile rangi. Rangi ikiliwa, kutu inaingia, na kutu nayo hutoboa. Nilimwambia mama hivyo, akatikisa kichwa kwa kuridhika kabisa. Hiyo ilikuwa hoja aliyoielewa.

Safari ya kwanza, ya majaribio kabla afisa hajarudi kulikagua, ilikuwa ya kuelekea Ilagala, kuna watu walikuwa wameshuka ufukweni huko. Niliingia garini niangalie kazi yangu. Barabara ilikuwa mbaya, na tulipokuwa tunashuka kwenye korongo nikasikia juu yetu kitu kinaburuzika. Keria lilikuwa linatembea. Halikung'oka, lilisogea tu taratibu kuelekea mbele mpaka mabomba yakachungulia kwenye kioo cha dereva. Mjomba akafunga breki, magodoro ya shirika yakatutangulia barabarani.

Nilikaa chini ya mti nikalitazama. Nilikuwa na hasira za kumpiga mtu. Vibano vyangu vyote vilikuwa vinavuta kwenda chini, na kwenda chini vilivuta vizuri, lakini hakuna kilichozuia kwenda mbele wala kurudi nyuma. Tukalirudisha. Nikapitisha kamba kutoka pembe za mbele za keria hadi kwenye bolti za bampa la mbele, na nyingine kutoka pembe za nyuma hadi bampa la nyuma, nikazikaza mpaka zikalia nikizigusa. Halikutembea tena. Baada ya hapo sikufunga kitu chochote kwenye gari bila kujiuliza kwanza kingependa kwenda wapi.

Vilivyobaki vilikuja kimoja kimoja. Ngazi ilishikwa juu na keria kwa ndoano mbili na chini ikasimama juu ya bampa. Bendera ilipata bomba lake kwenye bolti ya pembeni ya bampa. Spika zilikaa kwenye bomba la mbele la keria, waya wake ukaingia kwa dirishani. Madumu yalining'inizwa kwenye keria, nikayavalisha viatu vya mpira upande unaogusa mlango. Vibao vya shirika ndivyo vilivyonisumbua, maana mlango wa kipanya umevimba katikati na gundi mama aliikataa, alisema ikibanduliwa itaondoka na rangi. Nikatafuta redio mbovu kwa mafundi wa sokoni, nikatoa sumaku za spika zake, nikazivalisha vitambaa vya kanga kuukuu, nikazishona nyuma ya vibao. Vilishika. Ila kila asubuhi ilibidi nifute vumbi kwanza, kwa sababu chembe moja ya mchanga chini ya sumaku inachora mstari mrefu.

Afisa alirudi, akapanda ngazi, akalitikisa keria kwa mikono miwili. "Dada, umefanyaje hapa?" akauliza. Nikamwonyesha. Akacheka, akasema kila kitu kwenye gari lile kilikuwa kimeazimwa. Nami nilicheka. Siku zile nilikuwa bado nacheka.

Kazi ikawa hiyo. Asubuhi nazunguka na spana, nakaza nati kuanzia mguu wa mbele kushoto, nafuta vumbi, nabadilisha mpira uliokatika. Kitu kilichobanwa hulegea, huo ndio ubaya wake. Kilichochomelewa unakisahau, kilichobanwa lazima ukiendee kila siku. Kisha tunakwenda kuchukua watu.

Mwanzoni niliwatazama nyuso. Kila mashua iliposhuka nilitafuta koti la baba, halafu mabega ya kaka, halafu mtu yeyote aliyetembea kama yeye. Baadaye niliacha nyuso nikaangalia mizigo. Mizigo nilijua la kuifanya. Asubuhi moja mama mmoja alishuka na mlango, mlango mzima wa mbao pamoja na kitasa, ameubeba kichwani tangu mashuani. Nikamuuliza kwa Kirundi mlango wa nini.

"Kuta zimekwenda," akasema. "Mlango ulikuwa bado mzima."

Nikampokea nikaupandisha kwenye keria. Sikuhisi chochote. Nilifikiria tu kwamba mlango una uso mpana na upepo wa barabarani utauinua, nikaulaza kifudifudi, nikaongeza mipira upande wa mbele. Ulifika. Yule mama alinishukuru kwa kunishika mikono yote miwili, nami nikatazama juu ya bega lake kuona kama ngazi imelegea. Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa mtu wa namna gani wakati ule. Nilikuwa mtu aliyekufa ganzi, naona hakuna neno jingine, na ganzi haiumi. Ndiyo maana mtu hukaa nayo muda mrefu.

Mchumba wangu alikuja kila Jumapili baada ya ibada. Alilala chini ya gari na shati lake la kanisani, akakagua vibano, akaniletea bolti mpya. Mama aliketi pale pale kwenye kigoda.

"Gari hili lina bahati," aliniambia siku moja kwa sauti ya chini. "Kila siku linashikwashikwa."

"Nyamaza, mama anasikia."

"Asikie. Mwenzako nashika mageti ya watu."

Nilimpiga begani kwa kitambaa chenye grisi, alama ikabaki kwenye shati. Mama akakohoa. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu, na kwangu yalitosha kwa mwaka wa kwanza na wa pili.

Mwaka wa kuganduka ulikuwa umefika ukapita. Mama alikuwa ametuma maneno mapema. Kulikuwa na mama mmoja wa kilima chetu aliyechoka na kambi akaamua kurudi kwao liwalo na liwe, mama akampa ujumbe wa mdomo: amwambie kaka baba amefariki, amwambie mdogo wake ameposwa, amwambie aje. Hatukupata jibu. Kila aliyetoka upande ule aliulizwa, na kila mmoja alisema amesikia yuko hai, au hajasikia kwamba amekufa. Mama aliyachukua maneno hayo mawili kama ni kitu kimoja.

Nilikwenda kwa mchungaji. Akaja nyumbani, akazungumza na mama kwa upole, akasema ibada ya mazishi ilishamaliza yote na binti asizuiliwe. Mama alimkaribisha chai. Alipoondoka, mama akaniambia, "Mchungaji amemaliza kwa Mungu. Kwa baba yako bado."

"Hata mjomba hawezi kuondoa?"

"Mjomba wako ni wa ukoo wetu sisi. Hana mdomo kwenye kilio cha baba yako."

"Na kaka asipokuja?"

"Mwana wanje," akasema kwa Kirundi kama anavyoniita, mwanangu, "ukiolewa juu ya kilio, unakwenda nacho kwa mumeo. Kitakaa mlangoni kwako. Mimi siwezi kukufanyia hivyo."

Mama mwenyewe alikuwa amelala chini kwenye mkeka tangu siku ya maziko. Kitanda kilikuwepo. Aliamka kila siku akijishika kiuno, na mimi nilimsikia. Watu huniuliza kwa nini sikuondoka tu nikaolewa kwa nguvu. Ningeweza. Lakini kutwa nzima nilikuwa nabeba watu walioachwa na kila kitu, na sikuwa na moyo wa kumwongeza mama kwenye foleni ile.

Upande wa pili, mama mkwe mtarajiwa alikuwa amechoka, na simlaumu. Alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, na wenzake wote walishaitwa bibi. Alimwambia shangazi mmoja ambaye alijua atanifikishia: "Kilio cha Warundi wale hakina mlango wa kutokea."

Siku mchumba wangu alipokuja kunieleza haikuwa Jumapili. Nilikuwa nafungua mguu wa nyuma wa keria, kibano kimepinda. Alikuwa ameshika kingine kipya amekifunga kwenye gazeti. Akachuchumaa karibu yangu.

"Nyumbani wamenitafutia mtu," akasema.

"Wa wapi?"

"Wa huko huko Katubuka."

"Umekubali?"

Alininyooshea kile kibano kipya. Nikakipokea, nikakitazama, nikamuuliza kama bolti yake ni ya spana kumi na tatu au kumi na nne. Akasema kumi na tatu. Nikasema sawa. Alisubiri pale muda mrefu, nadhani alitaka nilie, au nimtukane, ili apate la kuniambia. Mimi nilikuwa natafuta spana. Alipoondoka niliikuta mkononi mwangu.

Kwaya ya kanisa letu ndiyo iliyoimba arusini kwake, na kwaya ikaomba gari letu kwa ajili ya spika. Mjomba aliona aibu kuniambia, akamwambia mama. Mama alisema kilioni hatuendi arusini, lakini spika haziko kilioni, ni za shirika. Afisa akaruhusu. Wanawake wa kwaya wakaleta maua ya zambarau waliyoyachuma kwenye ua wa kanisa, wakauliza kama yanaweza kukaa mbele ya gari na juu kwenye keria.

Nikayafunga. Hakuna aliyenilazimisha. Nilichana tyubu nyembamba sana, nikayafunga vishada vishada ili vijiti visikwaruze rangi, nikayapanga kutoka pembe moja ya bampa hadi nyingine, nikayapandisha kwenye bomba la keria. Niligeuza spika kidogo nje ili sauti isiwapasue waimbaji. Ilikuwa kazi nzuri, na niliona fahari, nasema kweli. Gari lilipoondoka nilibaki uani na mama. Tulisikia kwaya ikienda kwa mbali, tukachambua mchele. Liliporudi jioni niliyahesabu kwa macho yale maua. Hakuna kishada kilichodondoka.

Kaka alifika katika msimu wa mvua uliofuata. Alishuka kwenye mashua akiwa na mke na mtoto mchanga. Mimi sikuwepo, mjomba ndiye aliyemwona kwenye foleni, hana koti la baba, amekonda, na mjomba akamfuata tu akamshika shingoni. Baada ya kuandikishwa, afisa aliruhusu walale kwetu kwanza. Nilisikia gari likiingia uani. Nilikuwa najua kila mlio wake, na nilisikia keria limelegea upande wa kulia, nikatoka na spana. Ndipo nikamwona anashuka.

Mama hakupiga kelele. Alimshika uso, akamwambia, "Umekuja," akamshika tena. Akamchukua mtoto, akamnusa kichwani. Tuliwapa maji ya kuoga, tukawapa ugali na migebuka. Kaka alikula, halafu akala tena. Mkewe alisinzia ameketi. Mvua ilikuwa imeanza na tulisogea wote ndani.

Kaka alipokwisha kunawa, mama akajiweka sawa kwenye mkeka, akaongea kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka, sauti ya mtu mwenye shughuli.

"Sasa mtama upo," akasema. "Nimekuwa nikiuweka kila mwaka. Kesho naloweka. Utuambie siku gani tuganduke."

Kaka alimtazama. "Tuganduke nini, mawe?" akasema, akimwita mama kwa Kirundi.

"Kilio cha baba yako."

"Kilio cha baba?" Akaniangalia mimi, akamwangalia mama tena, anatafuta kama kuna utani. "Lakini kile nilishakiondoa. Nilikiondoa kilimani, mbele ya ukoo wote, mwaka ule ule nilipopata habari. Si ndiko kwao? Si ndiko kwenye mji wa babu, boma la ukoo? Nilijua mnajua."

"Kaburi liko huku," mama akasema.

"Ego, ndiyo, kaburi liko huku. Lakini mji uko kule. Kikiondolewa kwenye mji kimeondoka kote." Hakuwa anabishana. Alikuwa anamkumbusha mama mila ambayo mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha. "Yule mama alinifikishia maneno yote. Ukoo walitaka tungoje mavuno, vita navyo vilikuwa vimetuzunguka, nikawaambia hapana, hatungoji. Niliwaomba mtama nyumba kwa nyumba." Akanigeukia, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke, na hapo nikaona kwamba ni kaka yangu kweli. "Niliharakisha kwa ajili yako, mushikanje, dada yangu. Nilisema mdogo wangu ameposwa, asije akazeekea kilioni."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa juu ya mkeka, na vidole vinachezea nyuzi za pembeni.

Kaka akatazama huku na huku chumbani, akatazama mlangoni, kama mtu aliyekosa adabu kwa kusahau salamu.

"Haya, shemeji yuko wapi?" akasema. "Mbona sijamwona?"

Mjomba alitoka nje kwenye mvua. Mama hakuinua uso. Nikaona ni mimi ndiye wa kujibu, na kaka alikuwa bado anatabasamu, anangoja.

"Yuko Katubuka," nikamwambia. "Ni mzima. Anachomelea mageti."